Usitie Mkono Kinywani: Jinsi ya Kumtambua Mbwa Mgonjwa

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa huduma za mifugo kwa wakazi waliokusanyika Kegonga, Kuria Mashariki, kabla ya zoezi la kuchanja mbwa. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

Naona pale nyuma mbwa wawili wameanza kuangaliana vibaya, kwa hivyo tafadhali wenye mbwa waachiane nafasi. Kamba iwe fupi. Asiye na kamba na amshike mbwa wake shingoni, asimwache azunguke.

Kabla hatujaanza kuchanja nimeombwa niseme machache juu ya mbwa mgonjwa. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu huku kwetu mbwa ni mfanyakazi anayesahaulika. Usiku analinda ng'ombe. Asubuhi anafuatana na watoto malishoni. Mahindi yakikomaa anafukuza tumbili shambani. Halafu jioni anatupiwa ukoko wa ugali na hakuna anayemtazama tena. Ng'ombe akikataa kula jioni moja, boma zima linajua na simu zinapigwa. Mbwa anaweza kukaa siku tatu bila kula, na anayegundua ni mtoto, tena kwa sababu mbwa hakuja kumlaki alipotoka shule.

Basi nitaanza hapo. Huwezi kujua mbwa wako ni mgonjwa kama hujui alivyo akiwa mzima. Leo ukifika nyumbani, mtazame. Inua mdomo wa juu pembeni uone ufizi. Kwa mbwa mzima ufizi ni wa rangi ya waridi na una unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, na ukiachilia damu inarudi mara moja, haipiti sekunde mbili. Kuna mbwa wenye ufizi mweusi wa kuzaliwa. Kwa hao tazama ndani ya kope la chini la jicho. Mhesabie pumzi akiwa amelala kivulini: mbwa mzima anapumua kama mara 10 hadi 30 kwa dakika. Joto la mwili wake ni la juu kuliko letu, kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hivyo usimshike sikio ukasema ana homa kwa sababu tu unahisi moto. Na pua kavu peke yake si ugonjwa. Mbwa akilala karibu na jiko pua itakauka.

Fanya hivyo leo akiwa mzima, maana siku akiugua hutatakiwa kushika mdomo wake hata kidogo. Sababu nitaisema baadaye, na ndiyo hasa iliyonileta hapa.

Mbwa anayeanza kuugua hubadilika tabia kabla mwili haujabadilika. Aliyekuwa akibweka usiku ananyamaza. Aliyekuwa akitangulia njiani anabaki nyuma. Anajitenga, anakwenda kulala chini ya ghala au kwenye migomba, mahali ambapo si pake. Ukiona hivyo, mpe siku moja ya kumchunguza, usimpe wiki.

Ugonjwa unaowamaliza mbwa wengi wa vijijini kimyakimya unatokana na kupe. Mbwa wetu wanalala na ng'ombe na wanapita kwenye nyasi ndefu, kwa hivyo kupe wako masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kupe huingiza vijidudu kwenye damu, na vijidudu hivyo vinaharibu damu yenyewe. Mbwa anakuwa na homa, anakataa kula, anachoka haraka, ufizi unakuwa mweupe kama karatasi au unageuka manjano, na wakati mwingine mkojo unakuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Mkojo wa namna hiyo ni dharura. Dawa ipo, na mbwa akitibiwa mapema anapona vizuri. Ila nawaomba jambo moja: dawa ya kuogeshea ng'ombe msimwagie mbwa kwa kukisia. Ng'ombe ana ngozi nene na hajirambi kama mbwa. Nimeona mbwa akitetemeka na kutokwa na povu, mwenyewe akisema amerogwa, kumbe ameogeshwa kwa dawa isiyopimwa na akajiramba mwili mzima. Uliza kipimo kwanza.

Kwa watoto wa mbwa, jambo la kuogopa ni kuhara damu. Kuna ugonjwa wa virusi uitwao pavo, unaowapata hasa kuanzia wiki ya sita hadi mwezi wa sita. Mtoto wa mbwa anatapika, anahara majimaji yenye damu na harufu kali isiyo ya kawaida, macho yanaingia ndani, na anaweza kufa kwa siku mbili au tatu kwa kukaukiwa na maji. Virusi hivyo vinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto wa mbwa akifa kwa ugonjwa huo, usilete mwingine mahali palepale kesho yake. Minyoo nayo inaharisha, lakini polepole: tumbo linavimba, manyoya yanakosa kung'aa, mtoto anakula sana na hanenepi. Hiyo ni kazi ya dawa ya minyoo tu, na haina gharama kubwa.

Jicho likigeuka kuwa na ukungu wa buluu au mweupe, pamoja na homa, kukonda na uvimbe chini ya taya, fikirieni malale. Wenzetu wa Homa Bay, upande wa bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, wanamjua mbung'o vizuri. Wale wanaoingia na mbwa vichakani upande wa Trans Mara wamtazame mbwa macho wakirudi. Na kwa wenye mbwa wanaozurura, damu inayodondoka sehemu za siri, kwa dume au kwa jike ambaye hayuko kwenye joto, mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana. Watu huona aibu kuuleta ofisini. Msione aibu. Unatibika kwa sindano za kila wiki, na mbwa anapona.

Sumu nitaipita haraka, kwa sababu dalili zake ni za ghafla na hazifichiki: mbwa alikuwa mzima saa moja iliyopita, sasa anatetemeka, anatokwa na mate, anatapika au ameanguka. Maziwa si dawa ya kila sumu, na kumnywesha mbwa aliyezimia ni kumzamisha. Leta mfuko au chupa ya dawa unayofikiri amekula, hata kama imebaki karatasi tu. Wala msimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Nyingi zinaharibu ini, figo au tumbo la mbwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mzee mmoja ameniuliza pale kwenye mti, kabla sijasimama hapa: "Daktari, mbwa mwenye kichaa si anajulikana tu? Anakimbia ovyo na kuuma kila kitu, na anaogopa maji." Nimemwomba ruhusa nijibu mbele ya wote, naye amekubali.

Mzee, nusu ya hayo ni kweli. Kuna mbwa wa kichaa anayekimbia, anayeuma mawe, vijiti, mnyororo, kuku, ng'ombe na watu bila kubweka. Anatembea kilomita nyingi kutoka kwao, macho mekundu, mate yakimtoka, na sauti imebadilika, imekuwa kama kilio kirefu chenye mkwaruzo. Huyo kila mtu anamjua na kila mtu anamkimbia. Lakini kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyeshikwa na ugonjwa huu. Mbwa haogopi maji. Mbwa wa kichaa anaweza kwenda mtoni, anaweza kuingiza mdomo kwenye bakuli, anaweza kuvuka mto. Anachoshindwa ni kumeza, kwa sababu koo limepooza. Kwa hivyo mtu asijaribu kumpima mbwa kwa kumwekea maji. Ukiona anakaribia maji ukasema "huyu mzima", umejidanganya.

Na kuna kichaa cha namna ya pili, kile cha kimya. Hiki ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko cha kwanza, kwa sababu kinaleta huruma badala ya hofu. Mbwa hakimbii wala haumi. Ametulia kuliko kawaida, amejificha gizani. Taya la chini limelegea, mdomo uko wazi na haufungiki, ulimi unaning'inia, udenda unatiririka. Anajaribu kula na chakula kinaanguka. Anakohoa kama amekabwa. Miguu ya nyuma inayumba. Sasa niambieni, wewe mwenye mbwa huyo, mbwa aliyekulinda miaka mitano, ukimwona hivyo utasema nini?

Nasikia mnajibu wenyewe. Mtasema mfupa umemkwama kooni.

Ndivyo inavyosemwa, kwa Wakuria, kwa Wajaluo na kwa watu wengine wengi. Na baba wa boma, kwa huruma, anamwita kijana amshikie kichwa, anapanua mdomo na kuingiza mkono atafute mfupa. Mkono una mikwaruzo ya jembe, au umechubuka kwa kazi ya tumbaku. Mate ya mbwa yanaingia kwenye mikwaruzo hiyo. Hakuna aliyeumwa. Hakuna atakayekwenda hospitali, kwa sababu hospitali mtu huenda akiumwa na mbwa, na huyu hakuumwa. Mbwa anakufa baada ya siku chache, anatupwa au anazikwa, na mambo yanasahaulika. Baada ya mwezi mmoja, miwili au mitatu, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka, yule baba anaanza kuwashwa mkono, analala vibaya, anapewa maji na koo linakaza.

Akifika hapo, hakuna hospitali hapa Kegonga, Migori, Nairobi wala ng'ambo yenye dawa ya kumrudisha. Walioponea ugonjwa huu baada ya dalili kuanza, dunia nzima, ni wachache mno. Ndiyo maana nilisema mkono wa mtu usiingie kinywani mwa mbwa mgonjwa. Mfupa kweli unaweza kukwama, hutokea. Lakini mbwa mwenye mfupa anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, anahangaika, anakuja kwako, na taya lake lina nguvu. Mbwa ambaye taya limelegea na haonyeshi kuhangaika, huyo mfungie kwenye chumba au banda, watoto wakae mbali, kisha utupigie simu. Hata kama unaamini ni mfupa, tuache sisi tutazame. Sisi tumechanjwa kwa kazi hiyo.

Ng'ombe na mbuzi ni hivyohivyo. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa au bweha anaweza kukaa wiki kadhaa, halafu anaanza kulia kwa sauti ya mkwaruzo bila kukoma, anatokwa na udenda, anakazana kama anayetaka kunya na hakuna kitu. Wafugaji hudhani amekabwa na gunzi la hindi. Mkono unaingia tena. Na akifa, nyama yake isiliwe, wala maziwa yake yasinywewe tangu dalili zilipoanza. Najua ng'ombe ni mali, na najua nyama haitupwi kirahisi. Lakini anayemchinja na kumpasua kichwa ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Kuna ugonjwa mwingine wa mbwa unaofanana na kichaa, unaitwa distempa. Mbwa anatokwa na usaha machoni na puani, anakohoa, anahara, na baadaye anapata kifafa au anatafuna hewa kama anayetafuna gamu. Distempa haimpati binadamu. Sisi tulio karibu na mbuga tuna sababu ya kuukumbuka. Mwaka 1994 virusi hivyo viliingia kwa simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wale, kama 1,000 hivi, walikufa. Ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara hapa jirani. Wataalamu waliochunguza walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga, mbwa kama hawa tulionao hapa. Lakini kwa macho tu, ukiwa bomani, huwezi kutofautisha distempa iliyofika kichwani na kichaa. Kwa hivyo ukiwa na shaka, mchukulie kuwa ni kichaa.

Sasa mtu ameumwa, au amerambwa kwenye kidonda, au ametia mkono. Afanye nini? Kabla ya boda boda, kabla ya kumtafuta mwenye mbwa mgombane, aoshe kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu. Mwekeeni mtu saa. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Maji ya jagi yanayomiminwa na mwenzake yanatosha. Virusi hivi vina ganda la mafuta na sabuni inaliyeyusha, kwa hivyo kuosha ni tiba kamili ya hatua ya kwanza, wala si usafi tu. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala udongo. Jiwe jeusi halivuti virusi. Kidonda kisishonwe haraka haraka.

Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, Kegonga au Ntimaru, kwa walio karibu. Asingoje kuona kama kidonda kitapona, kwa sababu kidonda cha kichaa hupona vizuri kabisa kama kidonda kingine. Virusi haviendi kwenye damu. Vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na chanjo inashindana navyo mbio. Ndiyo sababu chanjo inafanya kazi hata baada ya kuumwa. Louis Pasteur alilionyesha hilo Julai 1885 huko Ufaransa, kwa mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mara nyingi. Mtoto yule alichanjwa na akaishi. Leo chanjo ni bora zaidi na inachomwa mkononi, si tumboni kama watu wanavyotishana. Inaanza siku ya kwanza, halafu siku ya tatu, ya saba, na kuendelea kama mhudumu atakavyokuandikia. Kinachoua watu ni kuanza na kuacha. Dozi ya pili ikifika kidonda kimekauka, kuna shamba la kupalilia, nauli ni shida, mtu anasema nitakwenda wiki ijayo. Wahudumu wa afya ya jamii mlio hapa, nawaomba mkisikia mtu ameumwa kwenye vijiji vyenu, muandike tarehe zake na mumfuate mpaka dozi ya mwisho.

Watoto wako hatarini zaidi. Duniani hufa watu kama 59,000 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mdomo wa mbwa unafika usoni na shingoni kwake, na kutoka usoni hadi kwenye ubongo ni karibu. Tena mtoto anaficha. Anaficha kwa sababu alikuwa akimchokoza mbwa, au alipitia boma alilokatazwa kupitia. Wazazi, mtoto akiwaambia ameumwa na mbwa, fimbo ikae pembeni siku hiyo. Mkimchapa huyo, wadogo zake watanyamaza wakiumwa.

Na yule mbwa aliyeuma? Hapa kwetu desturi ni mawe na rungu, halafu mzoga kutupwa mtoni. Mimi naelewa hasira. Lakini kama mbwa anaweza kufungwa bila mtu kuumia, afungwe kwa siku 10, apewe maji na chakula kwa mbali, nasi tujulishwe. Virusi huingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaonyesha dalili. Kwa hivyo akiwa hai na mzima siku ya 10, hakuwa na kichaa kwenye mate siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo ya mtu yule. Hiyo ni habari njema kwa familia na kwa mfuko pia. Mtu lakini asingoje siku 10 ndipo aanze chanjo. Aanze leo, mbwa achunguzwe leo.

Kama mbwa ni wa kukimbia ovyo na hawezi kufungwa, itabidi auawe, lakini kichwa kisipondwe. Ubongo ndio unaopimwa. Kichwa kikiwa kimesagika hakuna cha kupeleka maabara ya Kabete, na hatutajua kama watu kumi waliomgusa wana hatari au hawana. Msimchune wala kumpasua wenyewe. Mfunikeni, watoto wasikaribie, na mtupigie simu au mumwambie chifu. Sheria yetu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mbwa anayeshukiwa atoe taarifa. Sijaja kumshtaki mtu. Nataka mjue tu kwamba kutoa taarifa si hiari ya moyo mwema.

Kuna watakaosema ugonjwa huu ni wa zamani na hautaisha. Ni wa zamani kweli. Hapa Kenya ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na mtu wa kwanza kuandikwa kuwa ameupata, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa huku kwetu kwenye bonde la Ziwa Viktoria. Lakini kwamba hautaisha, hapo nakataa, na ushahidi wangu hauko mbali. Uko ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu. Kati ya 1996 na 2001, katika wilaya ya Serengeti nchini Tanzania, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni kama hii ya leo, watu wakiwaleta kwa kamba, kwa baiskeli, wengine wamewabeba mabegani. Walifikia mbwa sita hadi saba katika kila kumi. Baada ya kampeni ya kwanza, visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa walipungua pia. Ni watu wale wale wa ng'ombe na mahindi, ni mbwa wale wale wasio na uzio. Mbwa wa Serengeti hawakuwa wastaarabu kuliko wa Nyabasi.

Siri ni hiyo ya saba katika kumi. Wakifika saba, ugonjwa unamkosa wa kumrukia. Wakiwa wanne, unaendelea. Na kwa kuwa mbwa wetu huzaa sana na hufa mapema, waliochanjwa mwaka jana wengine hawapo na waliopo wengine hawakuwa wamezaliwa. Ndiyo maana tunarudi kila mwaka, si kwa sababu dawa ya mwaka jana ilikuwa mbaya. Mkakati wa taifa wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ulianza 2014 na unalenga 2030. Miaka iliyobaki si mingi.

Swali ambalo huwa naulizwa sana: chanjo inamfanya mbwa awe mpole, asilinde? Haimfanyi hivyo. Anaweza kulala zaidi jioni ya leo na kidonda cha sindano kikauma kidogo, kesho atabweka kama kawaida. Jike mwenye mimba mleteni. Watoto wa mbwa waleteni pia, wote, hata kama ni kwenye kikapu. Daktari atawaangalia na kukuambia kama arudishwe tena. Mbwa ambaye anaonekana mgonjwa leo, kwa dalili zozote kati ya hizi nilizotaja, msimlete kwenye foleni. Mwacheni amefungwa nyumbani, mje mtuambie, nasi tutafika bomani.

Kadi mtakayopewa ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, isiwekwe kwenye paa la jikoni. Siku mbwa wako akimuuma jirani, kadi hiyo ndiyo itakayozungumza, ingawa jirani ataosha kidonda na kwenda hospitali vilevile.

Sasa tuanze. Mbwa mkali washikwe na mtu mzima, si mtoto. Waliotoka mbali, Gokeharaka na Ntimaru, watangulie mbele ili wawahi kurudi kabla ya mvua. Wenye vikapu vya watoto wa mbwa waje upande huu wa meza, kivulini.